Mwisho Ambao Kurunzi Hakuuona

Katika mji ule hapakuwa na mtu aliyesimulia filamu nyingi kama Kurunzi, wala hapakuwa na mtu aliyeziona nusunusu kama yeye. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti kwenye jumba la sinema, akitembea kinyumenyume na kurunzi ya betri tatu, akiwamulikia miguuni wasikanyagane. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti tu. Alikuwa na koti jekundu lenye vifungo vinne vya rangi ya dhahabu na cha tano cheusi, alichokinyofoa kwenye suruali ya baba yake, na ndani ya koti lile alijiona waziri. Siku hizi akiitazama picha yake ya enzi hizo hucheka mpaka akohoe. "Mtazame huyo," husema. "Mwembamba kama ufito, kola imemmeza, na bado anaringa!"

Tabu ilikuwa ule mwisho wa filamu. Kabla hajaajiriwa, siku moja watu walisukumana taa zilipowaka mpaka mlango ukang'oka pamoja na fremu yake, na meneja akaapa kwamba jambo hilo halitajirudia. Akaweka sheria: filamu ikibakiza dakika kumi, mwonyesha viti atoke, afungue milango yote miwili, na alishikilie pazia zito kwa nje ili mwanga usipenye, mpaka watu waanze kutoka. Kwa hiyo Kurunzi aliwaacha majambazi wakikimbia, wagonjwa wakipelekwa hospitali na wapenzi wakigombana, asijue yaliyowapata. Siku yake ya mapumziko alilala. Nani anayelipa kiingilio kwenda kazini kwake?

Hayo yangekuwa ya kwake na meneja wake, lakini mji ulikuwa na desturi. Watu wengi hawakukaa mpaka mwisho. Binti aliyetoka kwa ruhusa ya wazazi alitakiwa awe nyumbani kabla taa za barabarani hazijawashwa, na wafanyakazi wa kiwanda cha mikate walikuwa na zamu. Hao waliondoka roho zikiwauma, na kesho yake asubuhi walivuka barabara kuingia kwenye mgahawa uliokuwa mkabala na sinema, wenye meza za marumaru zilizopasuka na mhudumu aliyeagiza jikoni kwa sauti ya mnadani. Humo walimkuta Kurunzi. Aliyekosa mwisho alimnunulia chai ya maziwa na mkate wa siagi, na Kurunzi alimsimulia ilivyoisha.

Tuseme ukweli: mtu ameshawekewa mkate mbele yake, siagi inayeyuka, aseme hajui?

Mwanzoni alijaribu kuwa mwaminifu. Alikuwa akipanda ngazi kwenda kwa fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu, mzee aliyepoteza nusu ya masikio yake kwa kelele za mashine hiyo.

"Imeishaje leo, mzee?"

"Vizuri," fundi alijibu. "Haikukatika hata mara moja."

Basi Kurunzi akabuni njia yake. Alisikiliza kupitia pazia, kisha akasoma nyuso za wanaotoka. Wakitoka wakipiga ngumi hewani, jambazi kakamatwa. Wakitoka kimya, wameoana lakini kwa shida. Wakitoka na vitambaa machoni, kuna mtu kafa. Sehemu iliyobaki alitia chumvi, naye mkono wake ulikuwa mzito wa chumvi. Hakujiona mwongo. Alijiambia kwamba anakisia tu, ila anakisia kwa nguvu.

Ndivyo alivyompata mkewe, na hapo ndipo penye kisa.

Alikuwa mshonaji, binti wa karani wa posta, na baba yake alikuwa mtu wa saa. Binti huyo alipenda filamu kuliko chakula, na hakuwahi kuona hata moja ikiisha. Kurunzi alimpenda tangu siku alipomulika viatu vyake vyenye kisigino kimoja kilichoshonwa upya. Lakini binti alikuwa na mchumba, mpima ardhi aliyekwenda kufanya kazi nchi za mbali, na barua zake zilikuwa zimeanza kuadimika.

Ikaja filamu moja ya mwanamke anayemngoja mchumba wake kwenye stesheni ya treni. Binti aliitazama mpaka pale mwanamke anapokaa kwenye benchi na shada la maua, akaangalia saa, akatoka mbio. Dakika chache baadaye watu walimiminika nje, na Kurunzi hakupata kuona machozi kama yale. Wanawake walilia, wanaume walijifanya wana vumbi machoni. Muuza karanga wa pale mlangoni, aliyekuwa hajaingia kabisa, naye akalia.

Kesho yake binti aliingia kwenye mgahawa, akaagiza chai mbili.

"Haya, Kurunzi. Alirudi?"

Kurunzi alikoroga chai yake polepole. "Treni ya mwisho ikaja," alisema. "Wakashuka watu wote. Yeye hayumo. Kumbe alishafia njiani siku nyingi." Akaona midomo ya binti inatetemeka, na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye haya akaongeza la kwake: "Ndiyo hivyo, dada yangu. Wengine hawarudi. Mtu asiumalize ujana wake stesheni."

Binti alilia. Kurunzi alitoa kitambaa cha mkononi, kilichokuwa safi upande mmoja, akampa kwa upande huo. Miezi saba baadaye walioana.

Na mpima ardhi alirudi. Alirudi wiki sita baada ya harusi, na sanduku lililofungwa kwa kamba, akakaa siku nne, akanywa chai peke yake kwenye meza ya dirishani, akaondoka. Alimpa Kurunzi mkono na kumwambia hongera. Mkewe hakusema neno juu ya siku zile nne, na Kurunzi hakuthubutu kuligusa.

Miaka ikapita. Jumba la sinema sasa ni duka la magodoro, na Kurunzi hupenda kusema kwamba zamani watu walilipa waje kulala humo, sasa wanalipa wakalale kwao. Mgahawa unauza vioo vya simu. Kisa cha filamu ya stesheni kikawa mali ya ukoo. Alikisimulia kwenye harusi za watoto wake wote watatu, na kila harusi marehemu wa kwenye treni alikufa kwa namna iliyo mbaya zaidi. Kwenye harusi ya kitinda mimba alikufa akiwa ameshika picha.

Sasa mjukuu wake mkubwa anafanya kazi maktaba, na mwaka huu aliandaa siku ya kuukumbuka mji wa zamani. Aliweka picha za mgahawa ukutani, babu yake akazieleza moja moja, kifua mbele. Kisha akaja nyumbani siku moja anarukaruka.

"Babu, Bibi, nimeipata!"

"Umepata nini?"

"Filamu yenu! Ile ya stesheni. Tutaionyesha Jumamosi saa tisa mchana, na nyinyi ndio wageni rasmi."

"Mwanzo mpaka mwisho?" Kurunzi aliuliza.

"Sasa tuonyeshe nusu, Babu?"

Mkewe aliweka chini sindano. "Miaka arobaini na minne," alisema, "nami sijauona mwisho wake kwa macho yangu. Nitavaa lile gauni la kijani."

Siku za mwizi ni arobaini. Kurunzi alikuwa amepewa miaka arobaini na minne na alishaanza kujiona amesamehewa. Usiku ule na uliofuata hakupata usingizi. Alijiuliza swali moja tu: je, watu wale walilia kwa sababu alikufa, au walilia kwa sababu alirudi? Maana tangu wakati ule alikuwa amewaona watu wakilia kwenye harusi za watoto wake, tena wakilia sana, na hakuna aliyekufa. Na kama yule wa kwenye filamu alirudi, kama alivyorudi mpima ardhi, basi yeye alimchukua mke wa mtu kwa chai ya maziwa na uongo, na chai yenyewe hakulipa yeye.

Ijumaa goti lilimuuma ghafla.

"Pole, baba watoto," mkewe alisema. "Kaa upumzike. Mimi nitakwenda na mjukuu."

Goti likapona. Akajaribu kwingine. "Filamu za zamani zinaharibu macho, mama watoto. Na yako ndiyo hayo."

"Haya haya ndiyo yaliyokuona wewe ukiwa umevaa kifungo cheusi."

"Basi ngoja nikusimulie tena. Mimi naijua vizuri."

Mkewe alitunga uzi kwenye sindano, akaendelea kushona.

Jumamosi walikaa mstari wa mbele kwenye ukumbi wa maktaba, kwenye viti vya plastiki. Mjukuu alifunga mapazia, akasema maneno mazuri mno juu ya babu yake, neno "hazina" likiwemo, na Kurunzi akatamani sakafu immeze. Filamu ikaanza. Mkono wa mkewe ulikuwa juu ya wake. Alimwona tena mwanamke yule, akamwona mchumba akipanda treni, akaona barua zikiadimika. Likaja benchi, yakaja maua. Hapa ndipo binti wa karani alipoangalia saa.

Hapo hapo Kurunzi alisimama.

Nisikudanganye kwamba alipanga. Miguu yenyewe ilisimama. Miguu ilijua kwamba zimebaki dakika kumi, na sheria ya meneja, Mungu amrehemu, ilikuwa bado inafanya kazi chini ya magoti. Kurunzi alipita kinyumenyume katikati ya viti, akafungua milango miwili ya ukumbi, akatoka, akalishikilia pazia kwa nje mwanga usipenye. Aliposhtuka na kujiona pale, babu wa wajukuu saba amekumbatia pazia la maktaba, alicheka peke yake kwa uchungu. Angeweza kurudi ndani. Alijua hivyo, na hakurudi, kwa sababu aliogopa.

Akasikiliza. Honi ya treni. Muziki. Halafu watu wakaanza kulia.

Wa kwanza kutoka walikuwa wasichana wawili wa chuo, mmoja anajifuta mashavu kwa mkono wa blauzi.

"Jamani, alivyoshuka na lile sanduku!" alisema. "Na yule mwanamke keshakata tamaa, anainuka aondoke!"

"Mimi nimekufa pale alipoangusha maua," mwenzake alijibu.

Kurunzi alilishika pazia kwa mikono miwili. Basi ndiyo hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, ila yake ilikuwa imezungukazunguka kabla ya kumfikisha. Akawapisha watu mmoja mmoja, bila kumtazama mtu usoni, akimngoja mmoja.

Mkewe alitoka wa mwisho, amevaa gauni la kijani, mkoba mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama mumewe, akalitazama pazia.

"Umekosa mwisho," alisema.

"Nimekosa."

"Unataka kujua ilivyoisha?"

Kurunzi alitikisa kichwa kukubali.

"Utaratibu unaujua. Ninunulie chai."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha chai chenye meza mbili. Mjukuu alitaka kuwafuata, bibi yake akamwonyesha kwa jicho abaki. Kurunzi aliagiza chai mbili za maziwa na mkate wa siagi, akaisogeza sahani yote upande wa mkewe. Maishani mwake hakuwahi kuona mtu anakoroga chai polepole kama mkewe alivyokoroga yake.

"Mama watoto," alianza, "mimi nili—"

"Nani anasimulia, wewe au mimi?"

Akamwachia asimulie.

"Treni ya mwisho ikaja," mkewe alisema. "Wakashuka watu wote. Yeye hayumo."

Kurunzi aliinua macho. Nyuma ya mkewe wale wasichana wawili walikuwa bado wamesimama kando ya barabara, na yule wa blauzi alikuwa akimwonyesha mwenzake kwa mikono ukubwa wa sanduku.

"Hayumo?" aliuliza.

"Kumbe alishafia njiani siku nyingi. Vile vile ulivyonisimulia." Mkewe aliuma mkate, akatafuna bila haraka, akafuta siagi kwenye kidole. "Ndiyo hivyo, kaka yangu. Wengine hawarudi. Mtu asiumalize ujana wake stesheni."

Kurunzi alilia. Mkewe alifungua mkoba, akatoa kitambaa cha mkononi, akakigeuza kutafuta upande ulio safi, akampa.