Glasi ya Maji ya Norbert

Hebu mwone Wilbert Esser, mhudumu wa baa, anavyokuja: aproni ya buluu, tumbo mbele, sinia la mviringo limejaa glasi nyembamba za bia ya mji wa Cologne, rangi ya asali, povu jepesi juu. Bia ile haina makeke. Inateleza kooni, inaburudisha, na ikiisha Wilbert anakuwekea nyingine bila kukuuliza. Ukitosheka, funika glasi kwa kile kikaratasi kigumu kinachowekwa chini yake mezani. Ndiyo desturi. Desturi nyingine ni kwamba mhudumu lazima akutanie; asipokutania, watu hudhani kuna jambo.

Norbert Küpper, fundi bomba mstaafu, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa amepotea tangu majira ya baridi. Siku aliporudi, wenzake walimsogezea kiti, naye akaomba maji kwa sauti ya chini.

"Maji?" Wilbert akasema, ukumbi mzima usikie. "Nikuletee na sabuni kabisa, mzee, uoge hapahapa?"

Meza nzima wakavunjika mbavu. Norbert naye akacheka, akapokea bia. Alipoimaliza, mkono wake ulikwenda kwenye kile kikaratasi, ukasita, ukarudi mapajani. Wilbert aliuona. Akaweka glasi nyingine, na nyingine tena.

Baadaye Wilbert alikutana sokoni na Hiltrud, mke wa Norbert. Mama huyo hakumfokea. Alimweleza tu kwamba mumewe alikuwa ameacha pombe kabisa, daktari alishamwonya kuhusu ini, ila hakutaka wenzake wajue. Na kwamba tangu jioni ile amerudia kunywa.

"Hukujua, Wilbert," alisema. "Sikulaumu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Maana habari za ini kweli hakuzijua, lakini ule mkono aliuona.

Leo Norbert amekuja tena, uso umesawijika, wenzake wamemzunguka. Amemtazama Wilbert machoni, akasema polepole, "Maji, ndugu yangu."

Meza yote imegeuka, midomo tayari kwa kicheko. Akimtania, Norbert atapokea bia kama siku ile. Akienda kimyakimya kuleta maji, wote watajua kuna jambo, na siri ya mwenzake itakuwa imeanikwa. Wilbert amesimama na sinia lake.

Ungekuwa wewe ndiye umevaa ile aproni, ungesema nini?