Salamu kwa Mawe ya Engaruka

Ukungu wa Ngorongoro unanuka majani mabichi na moshi wa kuni zilizolowa. Harufu hiyo iliingia kwenye basi kabla hatujauona mlima wenyewe, ikachanganyika na harufu ya matobolwa, viazi vyetu vilivyochemshwa na kukaushwa, niliyokuwa nimeyapakata ndani ya kitenge cha marehemu mama. Tulitoka Bariadi, tukapanda basi Lamadi, tukavuka Serengeti na vumbi puani, na sasa barabara ilikuwa inapanda tu, ikizunguka ukingoni mwa mlima kama vile haina nia ya kufika. Mimi ni mtu wa mbuga. Kwetu ukipanda juu ya kichuguu unaona ng'ombe wa jirani na moshi wa jirani wa jirani. Sikujua ardhi inaweza kusimama wima namna ile. Mdogo wangu Doto alijificha ndani ya khanga yangu, na kila basi lilipokata kona alinifinya paja. Utingo akatucheka: "Wasukuma, leo mmekutana na baridi yenyewe! Hiyo mliyonayo Bariadi ni upepo tu." Doto alichungulia dirishani, akaona weupe mtupu mahali ambapo abiria walisema kuna bonde kubwa lenye wanyama. Akaninong'oneza, "Dada, dunia imeishia hapa?"

Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Baba alikuwa ametangulia zamani, na mama tulikuwa tumemzika karibu na zizi, ubavuni mwa baba. Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo walikaa wakatugawa. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na njaa yake. Kulwa, pacha wa Doto, angekwenda Malampaka kwa baba mdogo, na mimi ningekwenda naye ili niendelee na shule. Doto angechukuliwa na shangazi, dada yake baba, aliyeolewa mbali huko Engaruka. Nyumba yetu ingefungwa. Kwa vile Doto aligoma kupanda gari bila mimi, niliambiwa nimsindikize, nimkabidhi, kisha nirudi. Pale kituoni Lamadi, Kulwa hakulia. Alisimama ameshika mkia wa shati la baba mdogo, akawa anaangalia magurudumu ya basi, siyo sisi.

Baada ya Karatu tuliteremka hadi Mto wa Mbu, tukapata pikapu iliyobeba magunia, na tukafika Engaruka jua likizama nyuma ya ukuta mrefu wa milima. Shangazi alitupokea kwa kelele na vicheko, akatupikia maharage ya shambani kwake, yanayonyweshwa kwa maji ya mfereji. Asubuhi akatuchukua kwenda kukata majani ya mbuzi chini ya mlima, na huko ndiko nilikoyaona magofu. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa mikono ya watu, jiwe juu ya jiwe bila udongo, kuta za mviringo zilizokuwa nyumba, ngazi za mashamba zikipanda mlimani, mitaro mikavu iliyowahi kupitisha maji. Mji mzima, na hakuna hata kuku. Shangazi alisema hapajulikani vizuri ni watu gani, wala kwa nini waliondoka.

Kwetu Usukumani mji uliohamwa unaitwa itongo. Unautambua kwa minyaa ya uzio iliyobaki imesimama bila mtu wa kuikata. Mama alitufundisha kwamba ukipita kwenye itongo usikatize kimya kimya. Piga goti, salimia, kwa kuwa waliozikwa pale bado ni wenyeji. Alikuwa akiitikia yeye mwenyewe kwa niaba yao, kwa sauti nzito ya kizee, nasi tukicheka. Basi Doto alipouona ule mviringo wa mawe alitua mzigo wake, akapiga goti, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka!" Akasubiri. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Watoto wa jirani waliotufuata wakaangua kicheko: "Anaongea na mawe! Muulize kama yameamka!"

"Inuka, mama," shangazi alimwambia. "Hao si wetu. Hata jina lao hatulijui."

"Sasa nani anawaitikia?"

"Hakuna."

Doto aliinuka, akajifuta magoti, akanigeukia. "Na kwetu, dada? Kulwa akija kunitafuta, nani ataitikia?"

Jioni hiyo nilimwambia shangazi kwamba narudi na Doto, na kwamba nyumba ya mama haifungwi. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Utamlisha nini huyu? Utamlisha kuitikia? Wewe mwenyewe ugali wako una mabuje ya unga mbichi!" Nikamwambia nitajifunza. Alinuna mpaka siku ya safari, lakini pikapu ilipokuja alinitwisha mfuko wa maharage, akageuka haraka. Baba mdogo naye alifoka, akasema nachezea shule. Alimrudisha Kulwa baada ya mavuno, akiwa amekonda, na darasani mimi sikurudi tena.

Leo mabuje hayapo, lakini maswali yapo. Tulilala na njaa misimu ambayo pamba iliungua na jua, na kuna usiku pacha wale wangeshiba kama ningewaacha walikopangiwa. Kulwa amehamishia ng'ombe kusini kutafuta malisho, na simu yake mara nyingi haipatikani. Doto ameolewa Lamadi. Majirani nao wanahama, na ninapokwenda kisimani napita matongo ambayo zamani yalikuwa nyumba nilikokwenda kuomba moto. Wale wa Engaruka walijenga kwa mawe, wakaongoza maji kutoka mlimani, na bado hakuna wa kuwaitikia. Mimi nina matofali ya udongo na minyaa ninayoikata kila mwaka. Sijui baada yangu nani atalishika panga.

Doto akija kututembelea, yaani kunitembelea mimi na makaburi mawili, hupanda gari la kwanza ili afike asubuhi. Hapigi hodi mlangoni. Husimama kwenye minyaa, akapiga goti, mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, akasema "Mwangaluka" kwa sauti ile ile, kisha akanyamaza, akasubiri. Hata kama nina unga mikononi, hata kama naumwa, natoka mbio kumwitikia, ule ukimya usije ukarefuka.