Alama Arobaini na Tano

Wekulo alianguka kutoka juu ya paa Jumanne moja ya mwezi wa nane, mwaka wa 1996, na alipozinduka hospitalini siku ya kumi na mbili, jambo la kwanza aliloliuliza ni nani aliyechukua nyundo yake. Watu wa Kambi Muru, kijiji cha Kibera, waliipenda sana habari hiyo. Waliisimulia bombani na kanisani, wakisema fundi ni fundi, hata siku ya kufufuliwa atauliza vifaa vyake. Nanyama, mkewe, alicheka nao. Kicheko kilikuwa cha bure, na machozi alikuwa ameyamaliza wodini.

"Amerudi," majirani walimwambia siku Wekulo alipoletwa nyumbani, nusu ya kichwa imenyolewa. Nanyama aliitikia, akashukuru, akawapikia chai. Lakini wiki ya pili haikuisha kabla hajajua kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Miguu ilikuwa ya Wekulo, mikono na sauti pia. Mwenyewe alikuwa bado hajafika.

Wekulo wa kwanza alikuwa seremala wa mapaa, mrefu, mkimya, mwenye haya kupita kiasi. Wanawake wakija kumtembelea Nanyama, alibeba kigoda chake akaenda kukaa nje hata kama kuna manyunyu. Alipokwenda kumposa kule Kimilili alisema maneno sita tu mchana mzima, na mawili kati ya hayo yalikuwa "asante". Nanyama, ambaye aliuza sukuma wiki kando ya reli na hakuwahi kukosa la kumjibu mteja, alimpendea ukimya huo huo. Alisema nyumba moja haihitaji midomo miwili.

Huyu wa pili alisema kila kilichompitia kichwani. Alimwambia Filister, jirani wa mlango wa pili, kwamba nywele zake za bandia zimekaa upande. Kweli zilikuwa zimekaa upande, lakini nani alimuuliza? Alimwambia mhubiri, katikati ya mahubiri, kwamba hapo amesharudia mara tatu. Alivaa shati kabla ya kuoga. Alitoka kununua kiberiti akarudi na kabichi, na siku nyingine hakurudi kabisa mpaka Nanyama afunike mboga zake na gunia aende kumtafuta.

Hayo yote Nanyama aliyavumilia. Lililomshinda lilitokea mwezi wa kumi na mbili.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake ni watu wa kupishana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Akimwona mbele yake njiani, mwanamume huiacha njia, hata kama kando kuna miba. Si uadui huo, ni heshima, na mama mkwe naye hujifunika leso akageuza uso. Sasa mama yake Nanyama alikuja kutoka Kimilili kumpa pole binti yake, akasimama mbali, mlangoni kwa Filister, kama inavyotakiwa. Wekulo akamwona. Akatoka mbio, mikono wazi, akamkumbatia mbele ya watu, akamtikisa mkono kama mtu anayepiga pampu ya maji, akamuuliza mbona amezeeka hivyo.

Mama aliondoka amejifunika leso mpaka puani, akaenda kukaa kwa mwanawe Boaz kule Kawangware, na hakukanyaga tena Kambi Muru. Nanyama aliingia ndani, akaketi kitandani, akalia kuliko alivyolia wodini. Kule alililia mume anayekufa. Hapa mume alikuwa mzima, anauliza chakula kiko wapi.

Mwezi wa kwanza akaja Seline na karatasi yake. Seline alikuwa Mjaluo wa Kisumu Ndogo, mwembamba, mwenye viatu vya raba, na kazi yake katika kliniki ndogo ya Kawangware ilikuwa kuwafundisha upya watu waliosahaulishwa na ajali: kushika kijiko, kufunga vifungo, kujua leo ni siku gani. Karatasi ilikuwa na maswali ishirini. Kila swali lilikuwa na alama kuanzia sifuri mpaka tatu. Anaoga mwenyewe? Anavaa? Anaweza kwenda mahali na kurudi? Anaweza kupika kitu chepesi? Jumla ni sitini. Mara ya kwanza Wekulo alipata kumi na sita.

Tatizo lilikuwa Nanyama. Seline akiuliza, Nanyama alijibu. Seline akisema vifungo, Nanyama alikuwa amefika cha tatu.

"Mama Mourine," Seline alimwambia Nanyama, akimwita kwa jina la mwanawe, akamshika mkono, "hizi alama ni zako ama ni zake?"

"Mgonjwa haulizwi uji, Sista."

"Huyu aulizwe. Tena aupike yeye."

Hilo la kupika lilileta vicheko vya mwezi mzima. Tangu azaliwe Wekulo hakuwa amegusa jiko la mkaa, kwa kuwa kwao mwanamume hasogei mafigani, na hakuna ajali iliyomwondolea ujuzi ambao hakuwa nao. Seline alikwaruza kichwa kwa kalamu. Karatasi haikuuliza kama zamani aliweza. Basi akajifunza, katika umri wa miaka thelathini na minane, kuchemsha chai ya maziwa. Majirani walijaa mlangoni kumtazama. Chai ya kwanza ilikuwa na chumvi, na Nanyama aliinywa yote. Ya kumi ilikuwa nzuri kuliko yake, akakataa kukiri.

Haba na haba hujaza kibaba. Kumi na sita ikawa ishirini na tatu, ikawa thelathini. Swali moja tu halikuwahi kumsumbua Wekulo, nalo lilikuwa la mwisho: anaweza kumsalimia mtu asiyemzoea na kuzungumza naye vizuri? Hapo alizoa tatu zote kila mwezi. Aliwasalimia wauza omena, mapolisi, hata maiti ikipita angeisalimia. Seline alifurahi. Nanyama alijua kwamba alama hizo tatu hazikuwa za mumewe, zilikuwa za ugonjwa.

Mwezi wa nane akafika Nalianya, kaka mkubwa wa Wekulo, mzee wa kofia na fimbo, asiyependa maneno mengi. Alikaa siku mbili, akatazama, kisha akatoa uamuzi.

"Nairobi si mahali pa mtu wa kichwa," alisema. "Nitamrudisha nyumbani. Akae kwa boma, watoto wa huko wamwangalie. Wewe shemeji, ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki, hatutakulaumu."

Nanyama alikijua kiti alichokuwa akiandaliwa mumewe. Kila boma lilikuwa nacho, na aliyekikalia hakuulizwa tena kitu chochote mpaka azikwe. Angekula, angelala, angefukuzia kuku. Hangefungua tena kifungo chake mwenyewe.

"Mzee, nipe mwaka," alisema.

"Mwaka umeshapita."

Seline ndiye aliyeokoa jahazi. Alimwonyesha Nalianya karatasi, nambari kwa nambari, jinsi zilivyopanda. Nalianya, aliyewahi kuwa karani wa chama cha wakulima, aliheshimu nambari. Aliuliza ni ngapi zinazoonyesha kwamba mtu anaweza kujitegemea. Seline alisema, kwa uzoefu wake, arobaini na tano.

"Basi mwezi wa kumi na moja nitarudi," Nalianya alisema. "Ikifika arobaini na tano, abaki. Ikipungua hata moja, namchukua. Tusikasirikiane."

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba Mungu amesahau kufunga. Vijia vya Kambi Muru viligeuka mito, na Seline akatuma habari kwamba kupima kutafanywa kliniki, Jumamosi asubuhi. Wekulo alitembea mbele kutoka Kibera mpaka Kawangware, akiuliza njia mara mbili. Nanyama na Nalianya walimfuata nyuma hatua hamsini, wamekatazwa kusema.

Jumamosi ilikuwa pia siku ya kupima watoto wachanga, kwa hiyo ukumbi ulikuwa umejaa akina mama na vilio. Seline alimketisha Nanyama pembeni, akamwonyesha kidole mdomoni. Kisha akaanza. Wekulo alifunga vifungo sita bila kuruka hata kimoja. Alitaja siku, mwezi, na jina la mtaa. Alichemsha chai kwenye stovu ya wauguzi, akamkaribisha kaka yake kikombe kwa mikono miwili. Nalianya alikipokea, akaonja, akatazama ndani ya kikombe kwa mshangao. Nanyama alijumlisha kwa vidole chini ya leso. Maswali kumi na tisa yalipokwisha alikuwa na arobaini na tatu, na lililobaki lilikuwa lile la salamu, la mteremko. Tatu zilikuwa zake hata kabla hajafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza Nanyama aliziombea alama zile, za ugonjwa au si za ugonjwa. Sasa alizitaka.

Seline alitupa macho kwenye benchi akitafuta mtu ambaye Wekulo hamzoei. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mzee na kitoto kilichofunikwa blanketi, akapangusa miguu.

"Baba Mourine," Seline alisema, "hebu msalimie yule mama. Muulize mtoto anaendeleaje."

Alikuwa mama yake Nanyama. Alikuwa amemleta mtoto wa Boaz kupimwa uzito, hana habari kwamba safari hii watu wa Kambi Muru walikuwa pale. Nanyama alitaka kusema, akakumbuka kidole cha Seline.

Wekulo aliinuka, tabasamu tayari. Akapiga hatua mbili. Halafu akasimama. Nanyama aliuona uso wake ukibadilika, kutoka kipaji cha uso kushuka mpaka kidevuni. Macho yalishuka chini, mabega yakapinda, na mtu mrefu yule akajikunja kama anayepita mlango mfupi. Akageuka, akapita upande wa ukuta, akafungua mlango wa nyuma, akatoka kwenye mvua bila kofia. Upande wa pili mama naye alikuwa ameshageukia ukuta, leso usoni, mtoto kifuani.

Seline alisubiri, akasubiri, kisha akaandika sifuri.

"Pole, Mama Mourine," alisema polepole. "Sijui ni nini imemuingia leo. Arobaini na tatu."

Nanyama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na hakuweza kumweleza mtu yeyote. Nalianya ndiye aliyesimama. Alivua kofia, akauinamia ukuta ule alipokuwa mama mkwe, kisha akamgeukia Seline.

"Dada, unajua yule ni nani?"

"Si ni mama tu wa kliniki?"

"Ni mama mkwe wake."

Seline alijipiga kinywa kwa kiganja. "Yesu! Na mimi ndio nimemtuma amsalimie! Kwetu ningeitwa kwa baraza." Akaitazama karatasi. "Lakini mzee, sitakudanganya. Swali linasema asalimie, na hajasalimia. Siwezi kuandika tatu."

"Usiandike," Nalianya alisema. "Acha hiyo sifuri hapo hapo." Alikoroga chai iliyobaki, akaimaliza. "Tangu mwezi wa nane nimekuwa nikiangalia mtu simjui. Sasa hivi nimeona ndugu yangu akipita hapo. Shemeji, kesho narudi nyumbani, na narudi peke yangu."

Nanyama hakungoja kumshukuru. Alimkuta Wekulo nyuma ya kliniki, kando ya tangi la maji, ameukabili ukuta, shati limelowa chapachapa.

"Ameketi?" aliuliza bila kugeuka.

"Ameketi."

"Yule mtoto ni wa Boaz?"

"Ni wa Boaz. Wa kwanza."

Maji yalimchuruzika Wekulo shingoni.

"Mama Mourine, mimi niliwahi kumshika yule mama mkono. Ama niliota?"

Miezi kumi na tano Nanyama alikuwa amemjibia mumewe maswali ya kila mtu, na jibu la kumwepusha na hili alikuwa nalo mdomoni. Angesema uliota, wakaenda zao.

"Hukuota."

"Watu waliona?"

"Waliona."

Wekulo alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa aibu. Nanyama alifurahi. Alifurahi mpaka akajichukia, mke gani huyu anayefurahia mumewe akifedheheka, lakini furaha haikusikia kukemewa. Huyu alikuwa Wekulo. Alimwegemea mgongoni, wakalowa pamoja.

Baadaye Wekulo alijifuta, akakaza mshipi.

"Rudi ndani ukae na mama yako," alisema. "Kuna matope mengi barabarani, usimwache atoke bila mtu wa kumshika mkono. Mkitaka kukaa, mkae. Mimi siwezi kupita hapo tena. Nitapita huku nyuma, nitangulie nyumbani."

"Peke yako?"

"Sasa nitapita na nani?"

Wekulo alipita kwenye uwazi wa ua, akafuata uchochoro mpaka kwenye njia panda. Hapo alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakaa sana. Nanyama alishika bomba la tangi kwa mkono ili miguu isimpeleke. Kisha Wekulo akashika ya kushoto, ndiyo yenyewe, na Nanyama akaingia ndani kumpokea mama yake yule mtoto.