Haukuwa Unga wa Mihogo

Jamani, hili hata mume wangu sijamsimulia lote, maana nikilikumbuka masikio bado yananiwaka kwa aibu.

Tangu nimzae Editha, uzazi ulionitesa mpaka nikakata tamaa, choo kwangu kilikuwa kazi, nasukuma lakini hakiishi mpaka nijisaidie kwa mkono (mnaonielewa mmenielewa), na miaka yote nilinyamaza. Mwishowe daktari wa hospitali kubwa akaagiza nipigwe picha ya kuonyesha misuli ya nyonga inavyofanya kazi. Walinijaza kwa nyuma dawa nyeupe, nzito kama uji, wakanikalisha kwenye kiti kama cha choo, mashine ubavuni, na sauti nyuma ya kioo ikaniambia, "Sukuma mama, kama uko kwako." Nikasukuma huku nalia.

Nilipomaliza nesi akasema, "Mama, kaa kwanza chooni, dawa yote itoke."

Lakini nje gari la msibani lilikuwa linapiga honi. Baba mkubwa wa mume wangu alikuwa amefariki kijijini Ngumbo, na mazishi ni siku hiyohiyo. Nikasema moyoni, itatoka hukohuko. Nikapanda.

Tulipofika nikakaa mkekani na akina mama, tunaimba. Tukaambiwa tusimame tukaage mwili. Wifi yangu Maria akaanza kunipangusa nyuma, taratibu kabisa.

"Wifi, umekalia unga wa mihogo." Kisha mkono wake ukasimama. "Wifi. Huu si unga."

Nikakimbilia chooni, na huku nyuma mtu akasema choo cheupe ni kipindupindu, basi neno hilo likazunguka msiba mzima, sahani zikawekwa chini, watoto wakavutwa pembeni, wimbo ukakatika, marehemu akabaki na jeneza lake peke yake. Nilipotoka, watu wote wamesimama mbali nami, na mwenyekiti wa kitongoji anampigia simu bwana afya.

"Shikamooni," nikasema (sijui kwa nini nilisalimia). Kisha nikaeleza. Mbele ya baba mkwe, aliyeangalia chini muda wote, nikataja uzazi, nikataja picha, nikataja na dawa ilikopitishiwa. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Wakaenda kuzika. Mimi nikabaki nyuma ya jiko na kitenge cha kuazima. Waliporudi makaburini, akaja mjane mwenyewe, mama mkubwa, akakaa karibu yangu.

"Mwanangu, hiyo picha wanawapiga na wazee kama mimi?"

"Wanapiga, mama."

Akatazama mlango wa jiko. "Mimi ni tangu kitinda mimba wangu. Marehemu hakuwahi kujua."

Nikamshika mkono.

Niliapa palepale kwamba ugonjwa wa mwili wangu sitaufanya siri tena, na nesi akisema kaa, nitakaa. Matanga yalipoisha nilimpeleka mama mkubwa hospitali. Ila kumchukua nyumbani kwake, hapana. Nilimsubiri barabarani.