Bibi Aliyelilia Poiza

Shule niliishia darasa la tatu, na Kiingereza changu ni cha kununulia nyanya. Nayasema haya mapema ili nisije nikaulizwa ilikuwaje nilichokisikia mimi wasikisikie wenye vyeti.

Binti yangu ni muuguzi. Hapa Euless, Texas, ana nyumba ya kulea wazee, wanne kwa wakati mmoja, nami naishi humo humo, ndimi mpishi wao. Mwaka jana tuliletewa bibi mmoja wa Kizungu aliyevunjika nyonga. Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto. Marehemu mumewe, mtu wa Texas, alikwenda kumwoa kisiwa kimoja kidogo pwani ya Karolina Kaskazini, akaja naye huku wakaishi miaka mingi. Aliyemleta kwetu ni mpwa wa huyo mume, anayekaa Stafford, kule Houston, safari ya saa nne kwa gari.

Siku za mwanzo bibi alisema kama Wazungu wote wa hapa. Baadaye maumivu na dawa vilimchosha, na maneno yake yakaanza kupinda. Binti yangu, aliyesoma kwa Kiingereza mpaka chuo kikuu, akawa anamwinamia na kumuuliza mara tatu tatu amesema nini. Na kila nikimwekea sahani mezani, bibi aliisukuma na kupaza sauti: "Poiza! Poiza!"

"Mama," binti yangu akaniambia, "anasema poizoni. Sumu. Anadhani tunamtilia sumu."

"Sumu? Kwenye viazi vyangu?"

Nilikasirika, sifichi. Nikachukua kijiko, nikala mbele yake, nikameza, nikaachama kinywa aone hamna kitu. Bibi akanitazama kana kwamba mwenye wazimu ni mimi.

Likaja na jambo la pili. Akiogeshwa au akibadilishwa shuka alikuwa akinung'unika "mamaki, mamaki." Binti yangu akatikisa kichwa. "Anamwita mama yake. Wakianza kumwita mama, ujue akili zimefika mwisho."

Akaandika yote kwenye faili. Simlaumu, asingeandika angepoteza leseni. Daktari akasoma, akasema akili inaondoka. Mpwa akaarifiwa, akatafuta nafasi huko kwao Houston, katika nyumba ambayo milango hufunguliwa kwa namba na wagonjwa namba hawazijui. Akasema Jumamosi anakuja kumchukua.

Nyumba ya namna hiyo niliwahi kuingia, nilipomsindikiza binti yangu kazini, kabla hajafungua yake. Nilimwona mzee mmoja amesimama mlangoni, anagonga kioo kwa kidole, hasemi kitu. Aliyepotewa na akili pale anatunzwa, sikatai. Lakini mwenye akili zake akitiwa mle, hatoki nazo.

Alhamisi nilimwandalia chakula cha mchana, naye akaanza. "Poiza!" Sasa mimi, neno la sumu kwa Kiingereza nilikuwa silijui mpaka wiki ile. Masikioni mwangu poiza ilikuwa poiza tu, haifanani na kitu. Nikaacha kumsikiliza, nikamtazama. Macho yake hayakuwa kwenye sahani kabisa. Yalikuwa kwenye mlango wa mbele.

Hapo nikaanza kuelewa, kwa sababu mwenyewe yamenipata. Mimi ni mtu wa Siu, kisiwani Pate. Kwetu macho tunasema mato, kichwa ni kitwa, na mtu ukimwita aje husemi njoo, unasema ndoo. Nilipelekwa Mombasa kujifungua, na muuguzi wa zamu alikuwa mtu wa bara. Uchungu uliponizidi nikamwita: "Ndoo! Ndoo!" Akaniletea ndoo. Nikaisukuma kwa mguu, nikamwita tena, akaisogeza karibu. Mara ya tatu akamwambia mwenzake, "Huyu amechanganyikiwa," wakaenda zao. Nilizaa peke yangu, ndoo iko pembeni. Na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayeandika faili.

Basi nikamwinua bibi, nikampa kile chuma chake cha kutembelea, nikamfungulia mlango. Nje pana kibaraza kidogo na viti viwili vya plastiki, ndege za uwanja wa ndege wa jirani zinapita juu. Akakaa. Akapiga mkono wa kiti kofi moja. "Poiza," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia. Nikamletea sahani. Akala akamaliza.

Binti yangu aliporudi nikamwambia, "Poiza ni baraza."

"Mama, tafadhali. Watu hawa ukiwabadilishia mahali hutulia. Haimaanishi kitu."

"Kwa hiyo mimi nilitaka ndoo?"

Kisa hicho anakijua tangu mdogo. Akavua viatu. "Mpwa wake ana-drive kuja Jumamosi. Useme naye wewe, mimi nitatafsiri."

Usiku ule na uliofuata sikulala vizuri. Kama nimekosea, nimemzuia mgonjwa asipate tiba. Kama sikukosea na nisisikizwe, ni mbaya zaidi.

Mpwa alifika asubuhi na sanduku jipya, karatasi ya dukani bado inaning'inia. Bibi alikuwa keshakaa barazani na kikombe chake. Mpwa sikumkaribisha hata maji. Nikamwambia binti yangu, "Muulize, kwao shangazi yake baraza huitwaje?"

Hakujua. Alisema zamani shangazi yake hakuwa akisema hivi, mumewe hakupenda. Lakini mpwa alikuwa na namba ya mtoto wa kike wa dada yake bibi, aliyebaki kule kisiwani. Akampigia, akaipandisha simu sauti ili tusikie sote. Binti yangu akauliza poiza ni nini.

Yule mwanamke akacheka. Akasema ni baraza kwa Kiingereza cha kisiwani kwao, kila nyumba ya kwao inayo, na siku za joto chakula huliwa hapo hapo. Na mamaki?

"Ni kumsumbua mtu," binti yangu akanitafsiria, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuwa anatuambia tusimsumbue."

Mpwa akalikalia sanduku lake. Bibi naye alikuwa keshaitambua sauti, akainyakua simu, wakaanza. Maneno yalikwenda mbio, wakicheka, wakikatizana. Nikamuuliza binti yangu wanasema nini.

"Sijui, Mama. Sishiki hata moja."

"Na huyu mpwa?"

"Yeye pia hashiki."

Walipomaliza, mpwa akaipigia simu ile nyumba ya Houston. Akasema hamleti, kitanda wampe mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nikakaa kwenye kiti cha pili bila kukaribishwa. Bibi akanitazama, akasema neno polepole, binti yangu akaangua kicheko.

"Anasema umechelewa kuleta chai."

"Mwambie chai anaijua mwenye jiko."

Wiki iliyofuata daktari alimpima upya, pale pale nje, mtoto wa dada akiwa kwenye simu anafasiri Kiingereza kwa Kiingereza. Akili yake ilikuwa akili ya mtu wa umri wake, husahau miwani ilipo, basi.

Jioni ile nilimwambia binti yangu aifute ile habari ya sumu.

"Faili haifutwi, Mama. Ila naweza kuandika chini yake."

"Andika."

Akaandika, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Nikamwambia anisomee. Akasoma: bibi hakuwahi kusema sumu, alikuwa anaomba kula barazani, kosa la kutomwelewa ni letu.

"Soma tena," nikamwambia.