Nyuzi Sabini

Bega langu la kulia liliganda mwaka ule nilioanguka na furushi la pamba kichwani, pale shambani kwangu Lalago. Sikulia. Nilikaa chini kwenye mbigiri nikasubiri pumzi irudi, nikainuka nikabeba furushi kwa mkono wa kushoto mpaka nyumbani. Najivunia hilo hata leo, ingawa lilikuwa jambo la kijinga. Bega halikupata tiba, na ulipofika wakati wa kupalilia sikuweza tena kujifunga kitambaa kichwani mwenyewe.

Mwanangu akaja kunichukua, akanipeleka kwake Bariadi mjini. Akasema bila kuzungukazunguka, maana alinirithi mdomo:

"Mayu, hurudi Lalago mpaka mkono huo ufike juu. Nani atakuchotea mtama?"

Kihenge changu ni cha zamani, kirefu, kimekandikwa udongo na samadi, na ukitaka nafaka lazima usukume paa lake juu kwa mkono mmoja huku mwingine ukichota. Mwanamke asiyeweza kusukuma paa la kihenge chake hana mji. Anakaa kwa watu.

Basi nikakaa kwa watu. Nyumba ya mwanangu ina marumaru, na mimi sakafu ya marumaru naiogopa kuliko chatu.

Mjukuu wangu wa kike, binti mkubwa wa mwanangu huyo, amesomea kunyoosha watu viungo. Kila asubuhi anapiga goti, "Mwangaluka, bibi," namjibu, kisha akiinuka adabu inaishia hapo, anaanza kuniamrisha. Siku ya kwanza alinisimamisha ubavu wangu ukimwelekea, akanipiga picha kwa simu. Akachora mistari juu ya picha, kutoka sikioni kwenda begani, akanionyesha. Nikamwona mama yangu mzazi. Mgongo wa mama, shingo ya mama, vile alivyokuwa miaka yake ya mwisho. Nikarudisha simu haraka.

"Umeona, bibi? Kichwa kimetangulia mwili."

"Kichwa changu kimetangulia siku zote. Ndiyo maana nimelea watoto sita bila baba yao."

"Sasa kirudishe nyuma kidogo, mke mwenzangu."

"Mume mwenyewe tulishamzika, unanipambia nani?"

Akacheka. Kisha akachana kipande cha kitenge changu kikuukuu, akaifunga simu kwenye mkono wangu, juu ya kiwiko, kama hirizi. Akaniambia niinue mkono ubavuni taratibu mpaka unapogoma. Ukagoma mapema. Akasoma kwenye kioo:

"Nyuzi sabini."

"Nzima ni ngapi?"

"Nyuzi mia na themanini, bibi."

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini nimelima pamba tangu nikiwa msichana, na nyuzi nazijua. Najua uzi unatoka wapi na unakatika vipi. Nikaelewa kwamba simu imechungulia ndani ya bega langu ikahesabu: zilikuwa mia na themanini, zimebaki sabini. Zile nyingine zilikatika siku ile ya furushi. Nikatoka nikakaa nyuma ya jiko, na nilicholilia hapo hakikuwa maumivu.

Toka siku hiyo nikaanza kuzitunza. Mjukuu alinifundisha nitambaze vidole ukutani kama buibui anayepanda, asubuhi na jioni, nitie alama ya mkaa pale vidole vinapoishia. Alikuwa akienda kazini, mimi natia alama ya mkaa kwa mkono wa kushoto, kila siku juu kidogo ya jana. Mkono wa kulia nimeufungia kifuani ndani ya kanga, nimeulaza kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa najisemea, uzi uliochakaa hauvutwi.

Baada ya wiki tatu akaleta simu na kile kitenge. Mwanangu naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti, anaangalia alama za mkaa ukutani kwa furaha. Nikainua mkono. Nikainua na ubavu pia, nikaegemea upande wa pili ili mkono uonekane umepanda.

"Bibi, umeinama. Simama wima."

Nikasimama wima.

"Hamsini na tano," akasema. Akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Hizi alama za nani?"

Mwanangu akainuka akatoka nje. Nililiona hilo kwenye mgongo wake: Lalago imekwisha.

"Bibi, hujafanya mazoezi hata siku moja."

"Nimezitunza."

"Umetunza nini?"

"Nyuzi. Ulisema zimebaki sabini. Ningezivuta kila siku zingebaki ngapi?"

Alifungua mdomo, nikajua anataka kucheka, nikajiandaa kumtukana. Hakucheka. Alikaa chini kwenye ile marumaru, akashika miguu yangu yote miwili, akasema, "Nisamehe, bibi. Nimekusemesha kama msomi mwenye daftari."

Kisha akainuka akaenda mlangoni. Akaufunga. "Hapa ni sifuri." Akaufungua nusu. "Hapa tisini." Akausukuma mpaka ukagusa ukuta. "Hapa mia na themanini. Nyuzi ni mlango ulivyofunguka, basi. Hakuna kilichokatika ndani yako. Mlango wako umekaa sana bila kufunguliwa."

Nikamuuliza mara mbili kama hakuna kilichokatika. Akasema hakuna.

Kesho yake nilifuta alama zote za uongo kwa kitambaa kibichi. Nikaanza chini kabisa. Sitasimulia maumivu yale, kila mwenye bega atayajua zamu yake ikifika. Masika yakapita na mavuno yakapita. Simu ikawa inasema tisini, mia na tano, mia na ishirini. Hapo ikakaa. Mwezi mzima, mia na ishirini.

"Haitazidi?" nikamuuliza.

"Huenda isizidi, bibi."

Nikamwambia mwanangu, nipeleke kihenge kinipime chenyewe. Alikuwa hana imani nami tena tangu zile alama, lakini alinipeleka. Mji wangu ulikuwa umeota majani mpaka mlangoni. Nikasimama mbele ya kihenge, wima, nikainua mkono wa kulia bila kuegemea popote. Kiganja kikagusa ukingo wa paa. Nikasukuma. Likainuka upana wa vidole vinne, likarudi. Nikasukuma tena, likarudi.

Nikashusha mkono. "Umeona mwenyewe," nikamwambia. "Sikukudanganya leo."

Aliingia ndani, akatoka na panga. Akapapasa udongo wa kihenge usawa wa kiuno changu, akaanza kukata mlango mdogo ubavuni. Kihenge cha mama hakikuwa na mlango ubavuni, wala cha nyanya yake. Vumbi la samadi likamwingia machoni, nikataka kumwambia aache, ni aibu. Mtama wa mwaka juzi ukaanza kumwagika miguuni mwetu.

Nikainama nikakinga kwa kanga.