Ndege Alipoliacha Jiwe

Nilipokuwa mtoto, kwetu milimani juu ya Bwera palikuwa na katazo ambalo hata wasiokosa misa ya Jumapili hawakulivunja: ndege mdogo wa kijitoni akiliacha jiwe lake ghafla, nawe yaache maji. Usimalize kujaza dumu, usisuuze nguo iliyobaki. Ni ndege wa kijivu, mwenye tumbo jeupe, asiyechoka kutikisa mkia. Nyanya, mama yake baba, alisema ndege hao ni watu waliofia mbali bila kuzikwa. Husimama juu ya maji wakingoja ndugu zao wawafanyie mazishi ili wavuke kwa wafu wenzao. Na kwa kuwa wamekwisha kufa mara moja, hukisikia kifo kabla yetu.

Nyumbani tulikuwa na mtu wa namna hiyo. Baba mdogo Masereka alivuka mpaka akiwa kijana, akafungua studio ya picha Butembo, akaoa huko. Vita vilimkuta safarini, upande wa Beni, na mwili wake haukuonekana. Mkewe Odette, ambaye sisi watoto tulimwita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa cha kwao, alitufikia na kitenge alichokivaa, Biblia, na kamera ya mumewe. Masereka alikuwa amewapiga picha watu wa mji mzima. Ya kwake mwenyewe haikuwapo hata moja.

Kwetu, asiyerudi huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina, likafungwa sanda pamoja na kitu chochote cha marehemu, likashushwa kaburini kama mwili. Nyanya alitaka kumzika mwanawe. Tantine alikataa.

"Mama, nitazika mugomba namna gani, na bwana yangu niko namuona?"

Alikuwa akimwona kijitoni. Siku zisizo za shule nilimfuata hadi kwenye msitu, pale alipojijengea kibanda cha majani makavu ya mgomba kando ya maji. Alikaa humo kamera ikiwa magotini, akipumua taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Ndege alipotua, kidole tu ndicho kilichosogea.

"Angalia mukia," alininong'oneza. "Ni yeye kabisa. Batu bakichelewa kukaa muzuri mbele ya kamera, alikuwa anapiga kisigino chini: hivi, hivi, hivi."

"Picha zote hizi ni za nini, Tantine?"

"Iko mteja muzuri. Hata siku moja haijalalamika ati nimemufanya mweusi."

Tulicheka kwa kuziba midomo. Nyanya hakucheka. Jioni Tantine alipomwonyesha picha moja aliyoisafisha mjini Bwera, aligeuza uso.

"Odette mwanangu, unamshika. Aliyeshikwa sura hawezi kuvuka. Niachie nimzike."

"Wewe ulimuzaa, Mama. Uko na tumbo la kumukumbuka. Mimi niko na nini?"

Nyanya aliweka mikono yake juu ya tumbo hilohilo. Kisha akasema, "Basi akiliacha jiwe, toka majini. Niahidi hilo tu."

Tantine aliahidi, akairudisha picha ndani ya Biblia.

Asubuhi ile kwetu jua liliwaka. Huko juu, Rwenzori yote ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi. Tantine alikuwa amevua viatu na kuingia majini ili amkaribie ndege zaidi. Ghafla ndege alilia mara moja, akaruka chini chini akiufuata mkondo, akapotea.

"Tantine, ameondoka."

"Itarudi. Inarudiaka."

"Nyanya alisema—"

"Wewe panda, Biira. Niko nakuja." Hakuliondoa jicho kwenye jiwe. "Nikienda, akirudi atakuta nani?"

Nilipanda. Nilikuwa nimefika kwenye mihogo niliposikia mngurumo, kama malori yanayomwaga mawe. Nilipogeuka, kijito hakikuwapo tena. Palikuwa na ukuta wa matope uliobeba magogo, ukipita pale kilipokuwa kibanda.

Wanaume walimkuta bondeni, amenaswa na mizizi. Kamera haikuonekana. Tulipomzika, Nyanya aliagiza lichimbwe kaburi la pili kando yake. Shina la mgomba lilipolazwa juu ya sanda, tukatafuta kitu cha Masereka, tukakosa. Nyanya akaifungua Biblia ya Tantine, akaitoa picha ya ndege ambayo hakuwahi kuitazama. Sasa aliitazama kwa muda mrefu, akaiweka juu ya shina, akaifunga sanda kwa mikono yake.

"Haya, mwanangu. Vuka na mkeo."

Leo nimempita umri Tantine, na watu wakisikia kisa hiki huniuliza kama ninaamini. Ninachokijua ni kwamba Nyanya alitufundisha mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba ndege yule ni mpendwa wako, na kwamba akiondoka, uondoke. Tuliobaki na wapendwa wetu tuliona wepesi kulishika la pili. Tantine alikuwa na lile la kwanza tu.

Siku chache baada ya mazishi nilishuka kijitoni peke yangu. Maji yalikuwa yamerudi kuwa membamba. Miti ya ukingoni ilikuwa imeng'olewa, kibanda hakikuacha hata jani. Jiwe lilikuwa palepale, na juu yake amesimama ndege, akitikisa mkia, ameelekea upande ule ambao Tantine alikuwa akikaa.

Tantine alikuwa amesema kweli. Ndege alirudi.